Likizo ya Juni kwa Bibi Lushoto: Mwongozo Kamili wa Kuwapeleka Watoto Kijijini na Binamu Zao

Kila Julai nasikia malalamiko yaleyale. Watoto wamerudishwa mjini kabla ya siku zao. Bibi presha imepanda. Wa mjini na wa kijijini walikaa likizo nzima kila kundi na kona yake, mmoja akarudi na kikohozi, mwingine na funza. Kisha mzazi anahitimisha: "Watoto wa siku hizi kijiji hawakiwezi."

Wanakiweza. Kinachokosekana ni maandalizi, na hasa jambo moja ambalo wazazi wengi hulipuuza. Watoto hawaundi undugu kwa kuambiwa "huyu ni binamu yako, haya chezeni". Undugu wao hujengeka wakifanya kazi pamoja, na kazi hiyo ianze siku ileile wanayofika.

Mwongozo huu ni wa familia inayotoka Dar es Salaam kwenda Lushoto, kwa kuwa huko ndiko ninakokujua. Anayekwenda Rombo, Njombe au Rungwe atabadili majina ya mahali tu.

## Vitu vya kuandaa

Viweke tayari kabla hujakata tiketi.

Kwa kila mtoto:

- Sweta nzito mbili, suruali ndefu, soksi za kutosha na kofia ya kufunika masikio. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Mtoto anayelala na feni mwaka mzima hajui baridi hiyo.
- Viatu vya kufunika vidole ambavyo ameshavizoea. Viatu vipya huchubua miguu siku ya kwanza tu, na matembezi yote yameishia hapo.
- Blanketi lake mwenyewe, tochi na chupa ya maji ya lita 1.

Kwa kundi zima:

- Mpira mmoja wa miguu na pampu yake, kamba ndefu ya katani ya kuruka, karata na bao.
- Vyandarua. Mlimani mbu ni wachache kuliko pwani, lakini wapo.
- Boksi la huduma ya kwanza: plasta, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, paracetamol ya watoto, pakiti za ORS (unga wa kuchanganya na maji mtoto akiharisha), pini safi za kutolea miiba, sabuni.
- Daftari lenye namba za zahanati ya karibu, bodaboda anayeaminika na jirani mwenye gari. Andika humo pia mzio na dawa za kila mtoto. Ambatisha nakala za kadi za bima au kliniki.

Kwa wenyeji: mchele, sukari, mafuta, samaki wakavu, doti ya kanga kwa bibi, na nazi. Nazi usiziache. Minazi haistawi kwenye baridi ile, na wali wa nazi wa usiku wa kwanza hukumbukwa kijiji kizima.

## Hatua ya 1: Zungumza na anayepika, wiki tatu kabla

Wengi humpigia bibi. Bibi atasema "karibuni wanangu" hata kama paa linavuja, kwa sababu wajukuu hawakataliwi. Lakini atakayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto ni mama mdogo, au shangazi, au mke wa mjomba. Huyo ndiye wa kupigiwa. Muulize mambo matatu: magodoro yako mangapi, maji yanachotwa wapi, na wiki ipi ina kazi kubwa shambani.

Halafu ongeeni fedha bila kuzungukazunguka. Kilo 1 ya mchele huwatosha watoto sita au saba waliotoka kucheza. Nyumba ikiwa na watoto kumi na watu wazima wanne, mlo mmoja wa wali ni zaidi ya kilo 2. Ongeza unga, maharage, kuni, sabuni. Tuma fedha kwa simu kila wiki, usikabidhi bahasha moja nene siku ya kwanza. Fedha ya mkupuo katika ukoo huitwa na mahitaji mengi, na ikiisha mapema hakuna wa kulaumiwa, ila watoto watakula kwa deni dukani.

Mwisho, hesabu wasimamizi. Kila watoto watano au sita wawe na mtu mzima mmoja mwenye nguvu za kukimbia. Bibi usimhesabu. Kazi yake ni kusimulia, kuonja chungu na kubariki. Kumwachia wajukuu tisa ndiko kunakompandisha presha.

Hatua hii imekamilika pale mama mdogo anapokupigia yeye mwenyewe kukumbusha kitu cha kuleta.

## Hatua ya 2: Panga malazi kwa majina

Andika kwenye karatasi nani analala wapi na nani. Wavulana wakubwa na wasichana wakubwa vyumba tofauti. Changanya wa mjini na wa kijijini kitanda kwa kitanda, kwa sababu mazungumzo ya gizani ndiyo yanayowaunganisha haraka kuliko mengine yote.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi huona aibu kulisema mbele ya ukoo, nami nasema lisemwe. Mtoto asilazwe chumba kimoja na mtu mzima mgeni, mpangaji, au kijana mkubwa ambaye wewe hukumpanga, hata akiwa ndugu wa damu. Waambie watoto kabla ya safari kwamba anayewagusa vibaya na kuwaomba wafiche hana haki ya kufichiwa, na kwamba wanaweza kukupigia saa yoyote.

Onyo jingine ni la jiko la mkaa. Baridi ikizidi, kuna wanaoliingiza chumbani lipashe joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na chumba kikifungwa aliyelala haamki. Jiko libaki nje au jikoni penye upenyo. Chumbani iongezwe blanketi.

## Hatua ya 3: Safari

Panda basi la asubuhi kituo cha Magufuli, Mbezi, ili mfike mchana ungalipo. Njia ni Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Pale Mombo mnaiacha barabara kuu na kuanza kupanda, zaidi ya kilomita 30 za kona juu ya kona kupitia Soni.

Hapa ndipo watoto hutapika. Sikio la ndani linahisi mwili unayumba huku macho yakiwa yamekazwa kwenye simu, na ubongo unachanganyikiwa. Kwa hiyo Korogwe wale kidogo, mkate au ndizi, si chipsi na soda. Kuanzia Mombo simu zizimwe, wakae viti vya mbele, wachungulie nje. Mifuko ya kutapikia iwe mkononi. Wape kazi ya kutafuta maporomoko ya Soni, yanayoonekana karibu na barabara, na macho yao yatabaki dirishani.

Sweta ziwe kwenye begi la mkononi. Zikifungiwa kwenye buti la basi, watoto watashuka Lushoto wanatetemeka.

## Hatua ya 4: Saa 24 za kwanza

Ukifanya hatua moja tu ya mwongozo huu, fanya hii.

Salamu kwanza. Kila mtoto amwamkie kila mkubwa kwa mkono wake, kuanzia babu na bibi. Shikamoo ya kundi zima kwa mpigo haitoshi. Wiki moja kabla, bibi awafundishe kwa simu salamu mbili za Kisambaa. Binamu zao watawacheka kidogo matamshi, watawasahihisha, na mazungumzo yatakuwa yameanza bila mtu mzima kuyalazimisha.

Zawadi zipite mkononi mwa bibi. Wa mjini wasigawe chochote wenyewe. Mtoto akigawa pipi na kalamu anageuka tajiri wa kijiji, na aliyepokea atamnyenyekea au atamchukia. Bibi akigawa, wote ni wajukuu. Zawadi ziwe za aina moja kwa wote, pamoja na wako. Nguo za mtumba wa nyumbani zifuliwe, zikunjwe, na mama zao wakabidhiwe usiku kimyakimya.

Simu kabatini. Simu na tableti zote ziingie kwenye kabati la bibi na zitoke kwa muda wa saa moja tu baada ya chakula cha jioni, wazazi wasalimiwe, zirudi, isipokuwa mtoto akihitaji kukupigia kwa jambo la Hatua ya 2. Bila sheria hii, mtoto mmoja atacheza gemu na wanane watamzunguka kumtazama, na huo ndio utakuwa mchezo wa likizo nzima. Watu wazima nao wasichezee simu mkekani wakati wa chakula, la sivyo sheria haina nguvu.

Kagueni mipaka. Kabla jua halijazama, binamu wenyeji wawatembeze wageni: choo, njia ya mtoni, shamba la jirani lisilokanyagwa, mbwa mkali, mizinga ya nyuki, ukingo wa bonde. Juni jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu na giza la milimani halichelewi, kwa hiyo msingoje chai ya pili. Mwenyeji ndiye aongoze. Kauli ya mtoto mwenzake, "hapa tusipite, kuna siafu", hushika kuliko hotuba yako.

Kazi ianze jioni hiyohiyo. Panga watoto wawili wawili, mmoja wa mjini na mmoja wa kijijini, umri wao ukaribiane. Kila jozi ipewe kazi: kuchota maji, kuokota kuni, kukata majani ya ng'ombe, kuchambua maharage, kufagia uwanja.

Sababu ni hii. Mtoto wa mjini anafika na viatu vizuri, Kiingereza cha shule na simu ya mama. Mwenzake anajiona mdogo papo hapo, na mtoto anayejiona mdogo hujitenga au hugomba. Wakienda mtoni na madumu, mambo yanapinduka. Mwenye kujua ni wa kijijini: anajua kusokota kata ya kichwani, anajua jiwe lipi linateleza. Anafundisha, anasaidia, anacheka. Wakirudi nyumbani hakuna aliye juu ya mwenzake, na mpira utakaochezwa baada ya hapo utakuwa wa timu zilizochanganyika.

Tahadhari: mgeni aanze na dumu la lita 5. Ndoo ya lita 20 ni ya shingo iliyozoea. Panga na mundu viguswe tu akiwepo mkubwa.

Utajua mmefaulu usiku huo, pale utakapolazimika kugonga mlango kuwanyamazisha kwa kicheko.

## Hatua ya 5: Ratiba nyepesi ya siku

Asubuhi kuna ukungu na baridi, hivyo uji wa moto uwe saa moja, kazi hadi saa tatu, michezo au matembezi hadi saa saba. Baada ya chakula wapumzike. Saa kumi uwanjani. Saa kumi na moja na nusu waoge maji ya moto kabla baridi haijarudi. Mtoto asibaki na nguo za jasho zilizolowa huku jua likizama.

Maharage yalowekwe tangu usiku. Kwenye mwinuko ule maji huchemka karibu nyuzi 95, hayafiki 100, na maharage makavu huchelewa kuiva. Mpishi wa pwani asiyejua hili atalisha watoto saa tatu usiku.

Matembezi marefu siku moja, kesho yake wabaki nyumbani. Na acha saa tupu, hata kama zinakutia wasiwasi. Hapo ndipo kombolela, rede, chandimu na magari ya waya huzaliwa. Mtoto atakayesema "nimeboreka" aachwe na kuboreka kwake, binamu zake watamtoa humo.

## Hatua ya 6: Matembezi ya Irente

Irente ni jabali linalochungulia Mombo na tambarare za Umasaini, kilomita tano hadi sita kutoka Lushoto mjini. Mtoto wa miaka sita aliyelala vizuri anafika kwa miguu. Wadogo zaidi wabebwe au wabaki nyumbani na mama mdogo.

1. Ondokeni saa mbili asubuhi, kila mtoto na maji yake, ndizi, mayai ya kuchemsha na sweta kiunoni. Mkichelewa, wadogo watarudi na jua la utosi.

2. Wahesabuni kwa sauti mnapoondoka, kila mnaposimama, na mkigeuka. Jozi za Hatua ya 4 zinatumika hapa pia: kila mmoja anajibu alipo mwenzake.

3. Kijana mwenyeji mbele, mtu mzima nyuma ya wote. Mwendo ni wa mtoto wa polepole kuliko wote. Wakubwa wakiachiwa watangulie, mdogo atakimbia kuwafuata na kuchoka nusu ya njia. Pumzikeni kila nusu saa.

4. Mkikaribia jabali, watoto wasimame. Mtu mzima atangulie peke yake, atandaze kamba ya katani chini, mita tano kutoka ukingoni. Hakuna mtoto anayevuka kamba. Wakifika, waketi kwanza ndipo waangalie. Mtoto aliyeketi hasukumwi na mwenzake wala hapati kizunguzungu akaanguka. Kule chini ni mamia ya mita, na hakuna picha yenye thamani ya kusogea hatua moja zaidi.

5. Waonyeshe tambarare kule chini. Mpe mjomba anayekijua kijiji nafasi ya kutaja vilima na vijiji vinavyoonekana, mmoja baada ya mwingine. Msiharakishe. Hapa ndipo mtoto aliyezaliwa Tabata huanza kusema "kwetu".

Njiani wafundishe kutazama. Usambara ina vinyonga wa aina nyingi, baadhi hawapatikani penginepo duniani. Wawaangalie, wasiwaguse. Maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, asili yake porini ni milima hii na misitu ya jirani. Mkitaka kuona mbega, nendeni siku nyingine Msitu wa Magamba, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Huko kuna kiingilio na inabidi kuwa na mwongozaji, basi ulizeni ofisini kwao Lushoto siku moja kabla.

Mkirudi, kagua miguu ya kila mtoto kati ya vidole na pembeni mwa kucha. Kidoti cheupe chenye nukta nyeusi kinachowasha ni funza. Mama mdogo anajua kumtoa kwa pini safi. Wewe safisha kidonda kwa sabuni na dawa.

## Hatua ya 7: Mtoni

Maji yasipite goti, na mtu mzima awe ukingoni amesimama, macho kwa watoto. Msiingie kwenye malambo, mifereji ya kumwagilia na maji yaliyotuama, kwani humo ndimo wanamoishi konokono wa kichocho. Mvua ikinyesha milima ya juu, tokeni mara moja hata kama kwenu kuna jua, kwa sababu mto unaweza kujaa ghafla.

## Hatua ya 8: Moto wa jioni

Moto uwe mbali na banda la majani, mahali ambapo upepo haupelekei cheche bandani. Ndoo ya maji iwe kando, na mtu mmoja mzima awe mlinzi wake mpaka mwisho. Masweta ya nailoni yakae mbali, cheche huyayeyusha mwilini.

Choma mahindi, fukia viazi kwenye majivu, kisha mwachie bibi uwanja. Vitendawili vianze, wa mjini na wa kijijini wakiwa wamechanganyika pande mbili: "Kitendawili!" "Tega!" Upande ulioshindwa utoe mji. Watoto wa mjini wasiojua hata kimoja watakuwa wanatega vyao kabla wiki haijaisha. Mwombe babu asimulie alivyokwenda shule, au mto ulivyokuwa. Anayetaka kurekodi kwa sauti arekodi kwa ruhusa yake, kwa simu moja iliyotoka kabatini kwa kazi hiyo tu.

Kabla ya kulala, mwagieni moto maji, mkoroge majivu, mwagieni tena.

## Hatua ya 9: Ugomvi, machozi na ajali

Wakigombana, wasikilize wote wawili. Usimwambie mwenyeji "mwachie, huyu mgeni". Ukilisema mara mbili, umemfanya mgeni awe mfalme na mwenyeji mtumishi nyumbani kwao.

Machozi ya kumlilia mama huwa mazito usiku wa pili na wa tatu. Kama ni upweke tu, usimpigie mama usiku. Mpe mtoto kazi ya kulala karibu na binamu yake, mama mpigie asubuhi. Sauti ya mama gizani huongeza kilio.

Kwa ajali, haya yabandikwe ukutani:

- Mbwa akiuma: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wa jirani.
- Nyoka akiuma: usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Mtoto asitembee. Kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, abebwe hospitali upesi.
- Akiungua: maji baridi yanayotiririka dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.
- Akiharisha: ORS, pakiti moja kwenye maji safi kiasi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita 1. Damu kwenye choo, au mtoto kulegea na kushindwa kunywa, ni zahanati mara moja.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Siku moja kabla, watoto wote wafue mashuka waliyolalia na kufagia uwanja. Kaa na mama mdogo faragha, umwombe akueleze gharama halisi, ulipe pengo lote bila kungoja akudai. Hapa ndipo mwaliko wa mwaka ujao huamuliwa, ingawa hakuna atakayekwambia.

Mkifika Dar, kagueni miguu tena. Homa ikitokea ndani ya wiki chache, mtoto apimwe malaria siku hiyohiyo na daktari aambiwe mlikotoka.

Kisha rudisha ukarimu. Kabla ya Julai kwisha, mpigie mama mdogo umwalike: binamu waje Dar mara shule zitakapofungwa Desemba, wajifunze kuogelea na kupanda mwendokasi, na safari hii wa kwako ndio wawe walimu. Nauli ilipe wewe, ya kuja na ya kurudi. Mwisho wa mwaka mpande nao mlimani pamoja, na tiketi hizo zikatwe mapema, maana wiki ya Krismasi mabasi ya kaskazini hujaa.